Aibu Yetu Ndo Mtaji Wao: Niliyowaambia Wazee Kuhusu Mapenzi ya Mtandaoni

Shikamooni wazee wangu, mama zangu na baba zangu, na nyie mliowasindikiza habari zenu. Nimeombwa niongelee usalama wa mtu mzima anayetafuta mwenza mtandaoni, na najua wengi mlitegemea nianze na usifanye hiki usifanye kile, hayo yatakuja ila sitaanza nayo kwa sababu watu wengi sana wanaotapeliwa walikua wameshayasikia. Naanza na kisa. Ni kisa cha kweli, kilifika mahakamani, na kila nikikirudia nakuta ndani yake karibu kila kitu ninachotaka tuelewane leo.

Kuna mji mdogo unaitwa New Glasgow, uko jimbo la Nova Scotia huko Kanada, watu wake hawafiki 10,000. Mwaka 2012 palikua na mzee wa miaka 75 anaishi peke yake, mkewe ameshafariki. Siku moja mlango ukagongwa, alikua jirani yake, mama wa miaka 77, mpole, nadhifu, akamwambia yeye ni mpweke na amesikia kwamba na yeye mzee ni mpweke. Basi. Hakuna alichoomba hakuna alichouza. Muda haukupita mwingi wakawa pamoja, mwezi Septemba wakafanya sherehe ya ndoa palepale nyumbani kwa mzee wakaondoka kwenda fungate. Safari haikuisha vizuri, wakiwa kwenye nyumba ya wageni mji wa North Sydney mzee akawa hoi, akapelekwa hospitali, na damuni mwake zikakutwa dawa za kundi la benzodiazepini, zile za usingizi na kutuliza wasiwasi.

Huyo mama alikua anaitwa Melissa Ann Shepard. Mwaka 1991 alimlewesha mume wake wa wakati huo kwa dawa za aina hiyohiyo akamkanyaga kwa gari kwenye barabara isiyo na watu karibu na Halifax, mwaka 1992 akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia akahukumiwa miaka 6, na hakuitumikia yote. Mwaka 2000 akaolewa na mwanaume mwingine waliyekutana Florida kwenye mkusanyiko wa kidini, huyo alifariki mwishoni mwa 2002 na hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo chake kwahiyo na mimi sitasema zaidi ya hapo. Alafu intaneti ikaingia kwenye hadithi. Akakutana na mzee mwingine wa Florida kupitia mtandao wa kutafuta wachumba, mzee wa miaka sabini na kitu, na tangu aingie kwenye nyumba ile mzee akaanza kudondoka, analazwa anaruhusiwa analazwa tena, huku pesa zinapungua, mpaka mwanae wa kiume akashtuka akaanza kuuliza, vipimo vikafanyika, dawa zikaonekana. Mwaka 2005 yule mama akafungwa miaka 5 kwa makosa ya wizi na kughushi, na 2009 Marekani ikamrudisha kwao Kanada. Miaka mitatu baadae ndo anagonga mlango New Glasgow.

Kwa kesi ya yule mzee wa New Glasgow, 2013 alikiri kosa la kumpa mtu kitu cha kumdhuru na la kutompatia mahitaji ya kumuweka hai, akapata kifungo cha miaka mitatu na nusu. Alipotoka 2016 mahakama ilimwekea masharti, asiguse intaneti na akianza uhusiano wowote lazima polisi wajue. Wiki chache tu akakamatwa akiwa kwenye kompyuta maktaba ya Halifax, mashtaka yale baadae yaliondolewa, ila nimeyataja ili muone alikua na miaka 80 na bado polisi waliona huyu akishika kompyuta ni hatari kwa watu.

Sasa fumbo la kisa hiki liko wapi? Muuaji tunamjua, dawa tunazijua, tarehe zipo. Fumbo ninaloliona mimi ni hili, magazeti na televisheni za Kanada zilikua zimeshamuandika huyu mama kwa miaka, hukumu zake zilikua wazi kwa mtu yeyote anayejua kusoma, na ule ni mji mdogo, mji ambao tungesema jirani akikohoa mtaa mzima unajua, ikawaje mzee wa miaka 75 anafunga ndoa na mtu mwenye historia ile na yeye hana habari? Mimi jibu langu, na ni maoni yangu, ni kwamba mapenzi ya mtu mzima tumeyafanya kuwa kitu cha kufichwa. Mzee akipata mwenza anaharakisha, anafanya kimyakimya, anaogopa watoto watacheka au watagomba, na walio karibu nae wanaona sio vizuri kuuliza. Kwenye ule ukimya ndo mtu mbaya anapita bila kuulizwa hata jina la ukoo wake.

Na kuna jambo la pili ndani ya kisa hiki ambalo linaniumiza sana. Dawa zile zikimwingia mtu mzima zinafanyaje? Anayumba, anadondoka, anasahau, maneno yanamtoka ovyo, analala mchana. Mtu wa miaka 30 akiwa hivyo ghafla kila mtu anakimbia kutafuta sababu. Mtu wa miaka 75 akiwa hivyo tunasema ni uzee. Tunasema amechoka huyo, kumbukumbu zimeanza kumpotea, tunamfunika blanketi tunaendelea na shughuli. Yaani mhalifu hana hata haja ya kuficha alama kwa sababu sisi wenyewe tumeshamtafutia maelezo. Nawaomba sana, hasa nyie mnaoishi na wazazi, mzee aliyekua vizuri mwezi uliopita akibadilika ghafla baada ya mtu mpya kuingia kwenye maisha yake, mwambieni daktari maneno hayo hayo, kwamba kuna mtu mpya na mabadiliko yameanza lini, na muombe apimwe damu na mkojo kuona kuna dawa gani mwilini. Kumuomba daktari kipimo sio kumshtaki mtu.

Japani nako kulitokea. Chisako Kakehi, mwanamke aliyezaliwa 1946, alikua anapata wanaume kupitia mashirika ya kuunganisha wachumba, na alikua anachagua wazee wenye pesa, wanaoishi peke yao, na hasa wasio na watoto. Mume wake wa mwisho alikua na miaka 75, alikufa Desemba 2013, hawajamaliza hata miezi 2 ya ndoa, na uchunguzi ukakuta sumu ya sianidi mwilini. Mwaka 2017 alihukumiwa kunyongwa kwa kuua wanaume 3 na kujaribu kuua mwingine mmoja, mambo yaliyofanyika kati ya 2007 na 2013, na alifia mikononi mwa magereza mwishoni mwa 2024. Hebu iangalieni ile sifa ya kutokua na watoto. Alikua anatafuta mtu ambaye hakuna wa kuuliza maswali baada yake. Na hii ntairudia hata kama mtanichoka, kinachowavutia hawa watu sio pesa peke yake, pesa hata vijana wanazo, wanachokitafuta ni mtu ambaye ameachwa peke yake.

Visa vya kuuana ni vichache, sitaki mtu atoke hapa anaogopa kila anayemsalimia. Kinachowapata wengi ni kuibiwa, na anayekuibia hujawahi kumuona na hutamuona. Marekani wana tume yao ya biashara inayopokea malalamiko ya watumiaji, kwa mwaka 2022 peke yake karibu watu 70,000 waliripoti kutapeliwa kimapenzi na hasara ikafika dola bilioni 1.3, nusu ya walioripoti walipoteza zaidi ya dola 4,400 kila mmoja. Na hao ni walioripoti. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, nao kwa mwaka 2023 walihesabu utapeli wa mtandaoni wa kila aina kwa watu wa miaka 60 na kuendelea wakakuta hasara ya dola bilioni 3.4, mwaka uliofuata ikapanda mpaka karibu bilioni 4.9. Mimi nikiona namba hizi nawafikiria wale wasioripoti, aliyelipa akanyamaza akaenda kukaa chumbani kwake.

Ngoja niwaeleze inavyoendaga, polepole, kwa sababu ukiambiwa tu "jihadhari na matapeli" picha unayoipata ni ya jambazi, na yule anayekuandikia hafanani na jambazi hata kidogo.

Anaanza na salamu. Labda amekuona kwenye kundi la watu waliofiwa na wenza wao, au ameandika meseji kama kakosea namba, au kwenye mtandao wa wachumba ambako amejaza profaili yake vizuri tu, na yeye kafiwa, ana mtoto mmoja, anampenda Mungu, ni mhandisi kwenye mtambo wa mafuta baharini au mwanajeshi wa kulinda amani au daktari wa shirika la kimataifa. Kazi hizi hazichaguliwi hivihivi, ni kazi ambazo mtu hawezi kuja kukuona wiki hii, simu yake inakatika katika na benki yake iko mbali. Siku ya pili au ya tatu anakuambia tuhamie WhatsApp, anasema huku kwenye mtandao hapapendi, ameshakupata wewe basi, anataka kuifunga akaunti yake. Ukihama, ule mtandao uliokua unaweza kumripoti na kumfungia hauoni tena mnachoandikiana.

Alafu ndo zinakuja zile asubuhi. Umeamkaje mpenzi wangu, umelala vizuri, umekunywa dawa zako, mguu unaendeleaje leo. Mama zangu na baba zangu, naomba hapa mnisikilize kwa makini. Mtu ambaye ana mwaka mzima hajaulizwa mguu wake unaendeleaje, akiulizwa kila asubuhi saa 1 na kila usiku saa 3, huyo mtu moyo wake unafunguka na hana kosa lolote. Upendo anaousikia ni wa kweli, ni wake, upo. Uongo uko upande wa pili wa simu. Watu wanaowaambia wazee "ulikua unapenda hewa" wananikera sana, alikua anapenda kama binadamu yeyote anavyopenda anapojaliwa.

Inaweza kupita miezi bila pesa kutajwa. Alafu siku moja mtoto anaumwa, au mzigo umezuiliwa forodhani, au akaunti imefungwa, au amekamatwa. Ile tume ya Marekani niliyoitaja ilichambua malalamiko ya 2022 ikakuta uongo uliotumika zaidi kuliko wote ni huo, mimi au mtu wangu wa karibu anaumwa, ameumia au yuko jela. Anaomba kidogo kwanza, na mara nyingine anarudisha. Ndiyo, anarudisha, kwa sababu ukishamuona analipa madeni, mara ya pili utatoa bila kuuliza. Na sikuhizi wengi hawaombi kabisa, anakuambia mjomba wake anajua sana mambo ya kripto, zile pesa za kidijitali, atakufundisha, mtajenga nyumba yenu, unafungua akaunti kwenye tovuti aliyokupa unaweka kiasi, unaona namba zinapanda kila siku, unajaribu kutoa kidogo inatoka. Unaweka akiba yote, unauza kiwanja. Ukitaka kutoa zote unaambiwa lipa kodi kwanza. Zile namba zilikua ni maandishi tu kwenye skrini, pesa yako ilishaondoka siku ileile uliyoiweka.

Na kila hatua kuna sentensi moja inarudi, kwa maneno tofauti tofauti: usimwambie mtu, hawatatuelewa, wanao wanaangalia urithi tu, haya ni yetu sisi wawili. Kama leo mtasahau yote niliyosema shikeni hiyo. Akikuambia msiifanye siri, mtambulishe kwa dada yako, bado unaweza ukawa na mashaka mengine juu yake. Akikuambia iwe siri, basi, hakuna cha kusubiri tena.

Najua hapa ndani kuna mtu anasema moyoni mwake mimi nimesoma, mimi nimeongoza watu, hayawezi kunikuta. Paul Frampton alikua profesa wa fizikia chuo kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, mtu mwenye heshima yake kwenye fani. Mwaka 2012 akiwa na miaka 68 alikamatwa uwanja wa ndege wa Buenos Aires na begi lenye kilo 2 za kokeini. Alikua ameenda Bolivia kukutana na mwanamitindo aliyedhani wamekua wakiandikiana mtandaoni, hakumkuta, akapewa begi la kumpelekea. Yule mwanamitindo mwenyewe, wa kweli, hakujua chochote, picha zake tu ndo zilitumika. Profesa alijitetea kwamba alidanganywa, mahakama ikampa miaka 4 na miezi 8. Kwahiyo elimu haikingi. Na hii inatuonyesha hatari ambayo watu hawaiongelei, kwamba sio lazima wakuchukulie pesa, wanaweza kukuchukulia jina lako safi, wakakubebesha mzigo, au wakapitisha pesa za wizi kwenye akaunti yako wakikuambia ni za mkataba wake umsaidie kuzituma mbele, na siku polisi wanakuja wanakuja kwako. Begi la mtu usiyemjua usilibebe, hata kama unampenda. Akaunti yako isipitishe pesa ya mtu.

Kuhusu kuhakikisha. Zamani tulikua tunasema mpigie vidio umuone. Hiyo haitoshi tena. Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walikamata watu 27 waliokua wanatumia akili mnemba kubadilisha sura na sauti, wanaume waliopigiwa simu walikua wanamuona mwanamke mzuri anaongea nao moja kwa moja na hayupo, na walipoteza jumla ya dola za Marekani milioni 46 hivi. Kwahiyo vidio ni mwanzo tu. Picha zake zichukue uzitafute kwa Google uone kama zina jina la mtu mwingine, ingawa picha zikitengenezwa na mashine huenda zisionekane popote. Jina lake kamili pamoja na neno mahakama au utapeli liandike uone kinachotoka, kwa yule mama wa Nova Scotia hilo peke yake lingetosha. Mkikutana mara ya kwanza iwe mahali penye watu, mchana, umekwenda kwa usafiri wako, mtu wako mmoja anajua uko wapi na unarudi saa ngapi, kinywaji chako usikiache mezani ukaenda msalani. Asihamie kwako haraka. Na kabla ya ndoa, wosia, bima au kadi ya benki kuguswa, pitisha muda, watu wako wamzoee, nawe uwajue wa kwake. Mwenza mzuri hataudhika na hilo, na akiudhika utakua umejifunza kitu kuhusu yeye.

Nataka nirudi kwenye aibu maana ndo moyo wa maneno yangu. Januari 2025 televisheni moja ya Ufaransa ilionyesha habari ya mwanamke wa miaka 53 aliyepoteza euro 830,000 kwa watu waliojifanya ni muigizaji Brad Pitt, wakamtumia picha za kutengeneza zinamuonyesha amelazwa, wakasema ana saratani ya figo na akaunti zake zimefungwa kwa sababu ya talaka. Mama wa watu alijitokeza hadharani ili wengine wajifunze. Alipata nini? Nchi nzima ilimcheka. Mitandao ilijaa vichekesho, mpaka timu ya mpira ikaweka posti ya kumdhihaki baadae ikaomba radhi, na televisheni ikalazimika kukiondoa kile kipindi kwa jinsi alivyokua anasakamwa. Miezi michache kabla yake polisi wa Hispania walikua wamekamata watu 5 kwa mchezo huohuo, wanawake 2 walipoteza euro 325,000, kwahiyo hakua peke yake. Jiulizeni siku ile ni wazee wangapi waliokua wanaangalia taarifa ya habari na wao wana mtu kwenye simu ambaye wameanza kumtilia shaka, wakaona alivyofanywa yule, wakaamua kufa na siri yao. Kila aliyecheka siku ile aliwasaidia wale wezi.

Kwahiyo sasa naongea na nyie watoto na wajukuu. Najua mnawapenda. Lakini namna tunavyowalinda ndo inawasukuma. Ukigundua baba anachati na mtu, ukamnyang'anya simu, ukamwita majina, ukaitisha kikao cha ukoo kumjadili, umemthibitishia kila neno aliloambiwa na yule tapeli, kwamba nyinyi hamtaki afurahi. Atanunua simu nyingine. Mvuvi anatupa ndoano pale samaki walipo, na hawa watu wanatupa pale ambapo mzazi anakula peke yake na simu ya mtoto inapigwa kwa matatizo tu. Muulize mama kama angependa kuwa na mtu. Muulize kwa uso mkavu bila kucheka, msaidie kufungua profaili, angalia nae picha, mfurahie akipata anayemfaa, na hapo siku akitokea mtu wa ajabu wewe ndo utakua wa kwanza kuambiwa. Na ukishamuona yuko ndani ya utapeli usianze na "huyu ni mwizi", anza na maswali, ulimuona lini mara ya mwisho, ni nani mwingine anamjua, alisemaje ulipomuomba mkutane, mwache asikie majibu yake mwenyewe yakitoka mdomoni. Inachukua muda, mara nyingi inauma, na wengine watakataa kuamini hata polisi wakiwaonyesha ushahidi, maana kukubali kuna msiba mara mbili, pesa imeondoka na mpenzi kafa siku hiyohiyo.

Aliyeshatuma pesa, na inawezekana yupo hapa, nakuomba usinyooshe mkono, sikiliza tu. Leo hii piga benki yako au kampuni uliyotumia kutuma, saa za mwanzo ndo zenye nafasi ya kuzuia. Meseji usizifute hata kama zinakutia uchungu, piga skrinishoti, tunza risiti na namba za akaunti, nenda polisi upate kumbukumbu ya maandishi. Usimuage, usimwambie nimekujua, acha kujibu. Kama ulimtumia picha za faragha na sasa anakutishia usilipe, akilipwa mara moja anarudi tena. Alafu jiandae, baada ya muda atakupigia mtu mwingine anajiita mwanasheria au askari wa mtandao, anajua kiasi ulichopoteza, anasema pesa zimepatikana lipia ada kidogo tu, huyo ni walewale au amenunua jina lako kwao. Polisi wa kweli hakulipishi kukurudishia mali yako.

Kuna jambo moja niliwaza nisiliseme nikaona sitakua nimewatendea haki. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 huko Myanmar na kama 100,000 Kambodia wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Ni vijana waliojibu matangazo ya kazi wakanyang'anywa pasipoti, wengine wametoka Afrika, anapewa simu na maneno ya kuandika na kiwango cha kufikisha, asipofikisha anapigwa. Kwahiyo yule aliyekua anakuuliza mguu wako unaendeleaje inawezekana ni kijana wa umri wa mjukuu wako amefungiwa kwenye jengo lenye walinzi. Sisemi umsamehe, hilo ni lako. Nasema tu kwamba kumtumia pesa hakumtoi mle ndani, pesa inaenda kwa waliomfungia, na kila inayofika inawapa sababu ya kuleta mwingine. Ukitoa taarifa unawasaidia polisi kuyafikia majengo yale, na wapo waliowahi kutolewa humo.

Wazee wangu, hakuna hata sehemu moja niliposema msitafute mwenza. Wapo watu waliokutana mtandaoni wakiwa na miaka 65, na miaka 70, wakaoana na wanaishi vizuri, na mkitaka kutafuta tafuteni, mna haki hiyo na hamuhitaji kibali cha mtoto yeyote. Ninachowaomba ni mtu mmoja ajue. Mmoja tu, rafiki, mdogo wako, kiongozi wako wa dini, mwanao yule unayemuamini, ajue jina la huyo mtu na mlipofikia.

Upande wangu nimemaliza, mwenye swali aulize. Ntabaki pale mezani mpaka mtu wa mwisho aondoke, na kama una meseji kwenye simu zimeanza kukupa wasiwasi njoo nazo tukae tuzisome pamoja, ukija na mwanao ni sawa na ukitaka asijue uliniuliza pia ni sawa.